Sh2,000 za wazee: Pesa ndogo inayozungusha soko la kijijini, na vizingiti vya kuipata

Wiki ambayo pesa za wazee zinaingia benki, soko la kijijini hujua. Foleni hurefuka kwa ajenti wa benki, mwenye duka hufungua daftari la madeni, muuza vifaranga huja na kreti moja zaidi, na vijana wanaolima kwa kibarua hupata kazi ya siku mbili tatu.

Ni Sh2,000 tu kwa mwezi kwa kila mzee. Mjini, kiasi hicho humalizika kwa kuingia dukani mara moja. Kijijini ni unga, sukari, mafuta ya taa, nauli ya kwenda zahanati na, ikibaki, kilo kadhaa za mbegu.

Pesa hizi hutoka katika mpango wa serikali unaojulikana kama Inua Jamii, ambao umewasajili zaidi ya Wakenya milioni moja wakiwemo wazee, watunzaji wa watoto mayatima na watu wenye ulemavu mkubwa. Hata hivyo, wapo wazee wanaostahiki kupata pesa hizo na ambao hawajawahi kupokea hata senti.

Wengi wao hawazuiwi na sheria. Wanazuiwa na mambo madogo madogo: mwaka wa kuzaliwa uliokosewa katika kitambulisho, orodha iliyofungwa kabla hawajatimiza umri, na kidole kilichosuguliwa na mpini wa jembe hadi mashine ya benki ikashindwa kukitambua. Baadhi ya mambo hayo familia inaweza kuyarekebisha mapema, kabla siku ya usajili haijafika.

<b>Mpango ulivyoanza</b>

Serikali ilianza kugawa pesa taslimu kwa familia maskini mnamo 2004, kwa majaribio yaliyohusu familia 500 zilizokuwa zikilea mayatima katika maeneo ya Garissa, Kwale na Nairobi. Wakati huo ugonjwa wa Ukimwi ulikuwa umewaacha watoto wengi mikononi mwa nyanya na babu zao.

Mwaka wa 2006 ukaanza mpango wa wazee, pia kwa majaribio, katika wilaya za Busia, Nyando na Thika. Baadaye ukafuata mpango wa watu wenye ulemavu mkubwa wanaohitaji kuhudumiwa saa zote. Kaskazini mwa nchi, katika Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, kulianzishwa mpango wa kukabiliana na njaa unaosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame.

Katika miaka hiyo ya kwanza, mzee hakupata pesa kwa sababu ya umri wake pekee. Ilibidi kamati ya kijiji iridhike kwamba yeye ni maskini kuliko jirani yake. Nafasi zilikuwa chache, na malalamiko ya upendeleo yalikuwa mengi.

Mabadiliko makubwa yalikuja 2018. Serikali iliamua kwamba kila Mkenya aliyefikisha miaka 70 na ambaye hapokei pensheni alipwe, awe maskini wa kutupwa au awe na ng'ombe wawili zizini. Usajili wa kundi hilo ulifanywa 2017. Malipo nayo yakahamishiwa katika akaunti za benki, zikiwemo KCB, Equity, Co-operative na Postbank, ambapo mnufaika alitakiwa kuchagua benki aliyoitaka.

Uamuzi huo ulikuwa na msingi katika Katiba ya 2010. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii, na kuitaka serikali iwasaidie wasioweza kujikimu. Kifungu cha 57 kinasema wazee wana haki ya kupata matunzo ya kadiri kutoka kwa familia zao na kwa serikali. Kwa hivyo, mzee anayekwenda kwa chifu kuuliza kuhusu pesa hizi haendi kuomba sadaka.

Katiba hiyo hiyo inamtambua mzee kuwa mtu aliyezidi miaka 60. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya wapatao milioni 2.7 waliofika umri huo. Pengo la miaka 10 kati ya uzee wa Katiba na uzee wa Inua Jamii huwaumiza hasa wakulima na wachuuzi, kwa kuwa hawana mwajiri wa kuwalipa pensheni wanapofikisha 60.

<b>Kitambulisho ndicho mlango</b>

Stakabadhi ya kwanza anayoulizwa mzee ni kitambulisho cha kitaifa. Umri unaohesabiwa ni ule ulioandikwa humo, hata kama kijiji kizima kinajua kwamba yeye ni mkubwa kuliko huo.

Makosa ni ya kawaida, na yana historia. Waliozaliwa miaka ya 1940 na 1950 vijijini hawakupewa vyeti vya kuzaliwa, maana usajili wa lazima wa vizazi ulikuwa haujaenea nchi nzima. Umri ulikadiriwa kwa rika la tohara, kwa njaa kubwa ya mwaka fulani au kwa umri wa mtoto wa kwanza. Karani aliandika alichokisia.

Kwa wanawake hali ilikuwa ngumu zaidi. Kipande cha enzi ya ukoloni kilikuwa cha wanaume, na wanawake walianza kusajiliwa kupata vitambulisho mwishoni mwa miaka ya 1970. Mama aliyekuwa na miaka 30 wakati huo na akaandikiwa 24 atalazimika kungoja pensheni miaka sita zaidi ya haki yake. Kwa Sh2,000 kwa mwezi, makosa hayo ya karani humpotezea Sh144,000.

Kurekebisha kunawezekana, lakini kunahitaji ushahidi. Kadi ya ubatizo, rekodi za shule, kadi ya zamani ya hospitali, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na hati ya kiapo iliyotiwa sahihi mbele ya wakili au hakimu ni miongoni mwa stakabadhi zinazoweza kusaidia. Ombi hupelekwa katika ofisi ya usajili wa watu ya kaunti ndogo au katika Huduma Centre.

Kazi hiyo huchukua muda, na wakati mwingine huhitaji safari nyingi. Ndiyo maana inafaa ifanywe mzee akiwa na miaka 60 au 62, angali na nguvu za kupanda matatu na mashahidi wa rika lake wangali hai. Anayengoja hadi mwezi wa usajili hujikuta akishindana na mamia ya watu katika dirisha moja.

Jambo jingine la kukagua ni mfuatano wa majina. Mama aliyeandikishwa kwa jina la babake katika kitambulisho na kwa jina la mumewe katika akaunti ya benki atarudishwa. Tofauti ya herufi moja imewahi kutosha kuzuia malipo.

<b>Orodha hufungwa</b>

Dhana iliyoenea ni kwamba mtu akitimiza miaka 70 jina lake huingia lenyewe katika orodha. Haikuwa hivyo. Baada ya usajili wa 2017, waliofikisha umri huo katika miaka iliyofuata walilazimika kungoja hadi serikali itangaze usajili mwingine.

Mwaka wa 2023, serikali ilitangaza kwamba wanufaika wapya 500,000 wangeongezwa. Kwa mzee aliyetimiza miaka 70 mnamo 2018, hiyo ilimaanisha kungoja kwa karibu miaka mitano bila kupokea chochote. Pesa za miaka hiyo hazilipwi nyuma, kwa sababu malipo huhesabiwa kuanzia siku mtu anapoingizwa katika mpango.

Matangazo ya usajili hupitia kwa chifu, naibu wake na wazee wa vijiji, na mara nyingi hutolewa barazani. Mzee anayeishi peke yake kando ya mto, au aliyehamia kwa bintiye katika kaunti nyingine, ni rahisi kupitwa. Familia hufanya vyema kumjulisha naibu chifu na afisa wa huduma za jamii wa kaunti ndogo kwamba nyumba fulani ina mzee aliyefikisha umri, na kuuliza kila baada ya miezi michache iwapo usajili umefunguliwa.

Usajili haulipiwi. Yeyote anayemwambia mzee atoe "pesa ya chai" ili jina lake liingizwe anamwibia.

<b>Kidole kilichochakaa</b>

Alama za vidole zililetwa katika malipo ili kuzuia wizi. Hapo awali ilikuwa rahisi mtu kupokea kwa jina la mwingine, au marehemu kuendelea "kulipwa" kwa miaka. Mashine ilipokuja, ilibidi mnufaika aonekane yeye mwenyewe.

Tatizo ni kwamba mistari ya vidole hufutika. Mtu aliyelima kwa jembe, aliyechuma chai, aliyeponda kokoto au aliyefua nguo za watu kwa miaka 40 hubaki na vidole laini kama mgongo wa kijiko. Uzee wenyewe pia hukausha ngozi. Mashine ikikataa, mzee huambiwa arudi kesho, na nauli ya boda boda hutoka katika zile Sh2,000 anazozitafuta.

Wanaofanya kazi ya uajenti wanazo mbinu ndogo za kusaidia: kunawa mikono kwa maji ya uvuguvugu, kuipangusa ikauke kiasi, kupaka mafuta kidogo usiku uliotangulia, na kujaribu kidole kingine kilichosajiliwa. Wakati wa usajili, ni muhimu vidole vyote vinavyosomeka vichukuliwe, si gumba la kulia pekee.

Mpango unamruhusu mnufaika asiyejiweza kuteua mtunzaji atakayesajiliwa pamoja naye na kuchukua pesa kwa niaba yake. Mzee anayeanza kudhoofika anapaswa kufanya hivyo mapema, na kumchagua mtu anayeishi karibu naye na anayemwamini. Mwana aliye Nairobi huenda akawa ndiye mwenye uwezo, lakini hatakuwepo siku ya malipo.

Pesa zikikaa muda mrefu bila kuchukuliwa, akaunti huhesabiwa kuwa imelala na malipo yanaweza kusimamishwa. Ndivyo inavyowatokea wazee wanaolazwa hospitalini au wanaokwenda kukaa na watoto wao mbali. Familia ikijua mzee atakosekana kwa miezi kadhaa, ofisi ya huduma za jamii ijulishwe.

<b>Mvua haingojei Hazina</b>

Kwa mkulima, kuchelewa kwa malipo kuna uzito kuliko kiasi chenyewe. Kwa miaka mingi pesa zililipwa mara moja kila baada ya miezi miwili, yaani Sh4,000 kwa pamoja. Wazee wengi walizoea kupangia shamba pesa hizo.

Hesabu yake ni rahisi. Mbolea ya ruzuku ilishushwa bei hadi Sh2,500 kwa mfuko wa kilo 50 mnamo 2023, baada ya kuuzwa kwa Sh3,500 mwaka uliotangulia. Mfuko mmoja kwa Sh2,500 unazidi malipo ya mwezi mmoja, lakini malipo ya miezi miwili yanaununua na kubakisha Sh1,500 za mbegu na nauli ya kwenda ghala la NCPB.

Pesa zikifika Februari, mahindi yatapandwa na mbolea mvua ya masika inapoanza Machi. Zikifika Mei, mzee atakuwa amepanda bila mbolea, au amekopa kwa riba. Serikali itakuwa imelipa shilingi zile zile, lakini mavuno hayatakuwa yale yale.

Ucheleweshaji umekuwa ukijirudia. Katika 2022 na 2023, kwa mfano, wanufaika walikaa miezi kadhaa bila malipo kabla ya malimbikizo kutolewa. Malimbikizo yakija kwa mkupuo huonekana mengi, lakini kwa kawaida nusu yake huwa tayari ni deni la dukani.

Ushauri kwa mkulima mzee ni asiifanye pesa ya Inua Jamii kuwa tegemeo pekee la msimu. Kuku watano wa kienyeji walionunuliwa kwa malipo ya mwezi mmoja wanaweza kuuzwa wakati wowote mvua inapobisha hodi. Wazee wengine hujiunga katika chama cha mzunguko cha watu 10, kila mmoja akiweka Sh200 pesa zinapoingia, ili kila mara mmoja wao apate Sh2,000 za ziada za kufanyia jambo la maana.

<b>Thamani imepungua</b>

Kiwango cha Sh2,000 kilikuwepo hata kabla ya mpango kupanuliwa 2018, na kufikia 2025 kilikuwa hakijaongezwa. Ukigawa kwa siku 30, mzee anapata takribani Sh66 kwa siku.

Katikati ya 2017, serikali iliweka ruzuku na pakiti ya kilo mbili ya unga wa mahindi ikauzwa kwa Sh90. Kwa bei hiyo, Sh2,000 zilinunua pakiti 22. Katikati ya 2022 pakiti hiyo ilipanda na kupita Sh200, kabla ya ruzuku ya muda mfupi kuishusha hadi Sh100 mwezi Julai. Kwa bei ya Sh200, pesa zile zile zilinunua pakiti 10 tu.

Bei za unga hupanda na kushuka kulingana na mavuno, lakini bei za sabuni, nauli na dawa hazirudi zilikotoka. Mshahara na ada nyingi za serikali zimekuwa zikiangaliwa upya kila baada ya muda. Pensheni ya wazee haina mpango kama huo wa kuipandisha kulingana na gharama ya maisha, na hilo ndilo swali ambalo wakulima wana haki ya kuwauliza wabunge wao bajeti inapojadiliwa.

<b>Faida ya mwenye duka</b>

Kuna wafanyabiashara wanaodhani kwamba pesa za wazee haziwahusu. Utafiti uliofanywa katika vijiji vilivyokuwa katika mpango wa mayatima ulionyesha vingine. Kila shilingi moja iliyotolewa kwa familia maskini ilizalisha kipato cha jumla cha kati ya Sh1.34 na Sh1.81 katika eneo hilo.

Sehemu kubwa ya nyongeza hiyo iliwaendea watu ambao hawakuwa katika mpango kabisa: wenye maduka, wafugaji wanaouza mbuzi na maziwa, na vijana wa vibarua. Sababu ni kwamba mzee hapeleki pesa zake mbali. Hununua kwa jirani, naye jirani hununua kwa mwingine.

Kwa hivyo, mfanyabiashara mdogo ana sababu ya kutaka kila mzee anayestahiki katika lokesheni yake asajiliwe. Kijiji chenye wazee 60 wanaolipwa hupokea Sh120,000 kwa mwezi. Kati yao wakiachwa nje 20, soko hilo hupoteza Sh40,000 kila mwezi.

Biashara hiyo inahitaji uadilifu. Kumkopesha mzee bidhaa kwa kutegemea malipo yake ni msaada, mradi deni liandikwe mbele yake na lisizidi kiasi anachopokea kwa mwezi. Mwenye duka mwenye mtaji mdogo anayekopesha wazee 15 kwa Sh1,500 kila mmoja ana Sh22,500 nje, na malipo yakichelewa miezi mitatu, rafu zake zitabaki tupu.

Kushikilia kitambulisho cha mzee, kadi yake ya ATM au nambari yake ya siri kama dhamana ni jambo tofauti kabisa. Mzee hupoteza uhuru wa pesa zake, na mwenye duka hujiweka katika hatari ya kushtakiwa kwa kila shilingi itakayopotea katika akaunti hiyo. Ajenti naye asikate "ada" ambayo haikuandikwa katika bango la ada la benki.

<b>Kadi ya matibabu si ile ya zamani</b>

Pamoja na pesa, wazee wa Inua Jamii waliwahi kulipiwa bima ya NHIF. Hazina hiyo ilifikia kikomo Oktoba 2024 na nafasi yake ikachukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Kila mtu alitakiwa kujisajili upya. Mzee ambaye bado amehifadhi kadi ya NHIF kifuani akidhani inafanya kazi atashangaa akifika hospitalini.

Kujisajili SHA ni bure. Familia isiyo na mshahara hukadiriwa mapato yake kwa maswali kuhusu nyumba, mifugo na matumizi, kisha hutozwa asilimia 2.75 ya mapato hayo, isipungue Sh300 kwa mwezi. Kwa anayetegemea Sh2,000 pekee, Sh300 ni asilimia 15 ya kila anachopokea.

Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 inasema kwamba wasiojiweza watalipiwa na serikali. Ili mzee atambuliwe katika kundi hilo, majibu ya maswali ya usajili yanapaswa kuwa ya kweli na kuhusu hali yake mwenyewe. Kijana anayemsaidia babu yake kujisajili kwa simu asijaze hali ya nyumba yake ya mjini.

<b>Jirani wa Zanzibar</b>

Kenya haikuwa ya kwanza Afrika Mashariki kuwalipa wazee kwa umri pekee. Zanzibar ilianza pensheni jamii Aprili 2016, ikimlipa kila mkazi aliyefikisha miaka 70 Sh20,000 za Tanzania kwa mwezi kutoka katika bajeti yake yenyewe. Kiwango hicho kiliongezwa baadaye.

Somo lake ni kwamba mpango usiomtaka mzee athibitishe umaskini wake hupunguza ugomvi na upendeleo. Masheha wanawajua wazee wa shehia zao, na swali linalobaki ni umri na makazi. Tofauti ni kwamba hata huko, asiye na hati za kuthibitisha umri wake hujikuta katika shida ile ile ya mwenzake wa Busia au Kilifi.

<b>Anayelima leo ndiye mzee wa kesho</b>

Mkulima au mchuuzi wa miaka 40 anayesoma habari hizi ana miaka 30 kabla ya kufikia umri wa Inua Jamii. Kama angekuwa ameajiriwa, mwajiri angemkata na kumwongezea katika Hazina ya Kitaifa ya Malipo ya Uzeeni, NSSF. Kwa kuwa amejiajiri, hakuna atakayemkata ila yeye mwenyewe.

Njia zipo. Mwaka wa 2011 kulianzishwa Mpango wa Mbao kwa ajili ya mafundi wa jua kali na wachuuzi, uliopewa jina hilo kutokana na neno la mitaani la Sh20, ambazo ndizo mwanachama aliombwa kuweka kwa siku kupitia simu. NSSF nayo ilianzisha Haba Haba, ambapo aliyejiajiri huweka angalau Sh25 kwa siku.

Anayeweka Sh25 kila siku huwa na Sh9,125 kwa mwaka. Kwa miaka 20 ni Sh182,500 kabla ya faida kuhesabiwa. Si utajiri, lakini ukigawa kwa Sh2,000 ni malipo ya zaidi ya miaka saba, yanayoweza kuziba sehemu kubwa ya pengo la kati ya miaka 60 na 70 ambapo serikali haitoi chochote.

Anayepata pesa kwa msimu, kama mkulima wa miwa au kahawa, hahitaji kuweka kila siku. Anaweza kutenga kiasi cha mwaka mzima siku anayolipwa na kiwanda au chama cha ushirika.

<b>Mambo ya kufanya sasa</b>

Familia yenye mzee inaweza kuanza na hatua hizi:

• Kagua kitambulisho: mwaka wa kuzaliwa, tahajia na mfuatano wa majina. Kama kuna kosa, anza marekebisho sasa.

• Kusanya pamoja kadi ya ubatizo, rekodi za zamani na vyeti vya watoto, na uviweke mahali pamoja pasipovuja.

• Mjulishe naibu chifu na afisa wa huduma za jamii wa kaunti ndogo. Andika tarehe na jina la ofisa uliyezungumza naye.

• Mteue mtunzaji mzee angali na akili timamu.

• Sajili mzee upya katika SHA kama bado.

• Mnufaika akifariki, ripoti mapema. Kuendelea kuchukua pesa zake ni kosa, na huchelewesha nafasi ya mwingine.

Mzee aliyeachwa nje bila maelezo ana njia ya kuuliza. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inamruhusu Mkenya yeyote kuomba habari kutoka ofisi ya umma, nayo inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Swali laweza kuwa fupi: jina langu lilipokelewa lini, na limekwama wapi? Barua iandikwe nakala mbili, moja ipigwe muhuri na kurudi nyumbani.

Ofisi ikinyamaza, malalamiko yanaweza kupelekwa bila malipo kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayojulikana pia kama Ofisi ya Ombudsman, ambayo hupokea malalamiko hata katika baadhi ya Huduma Centre. Nakala ile iliyopigwa muhuri ndiyo itakayoombwa kwanza.